Gogo Lisiguswe

Mpiga picha mmoja wa Newala, anayefuata harusi na ngoma za unyago hadi Masasi, ameniuliza atumie programu gani kuhariri na kupanga picha zake. Vitufe vya mwanga na rangi naviruka, kwani karibu kila programu inavyo. Mimi naanza kwa kuuliza: ukihifadhi, faili la awali linapatwa na nini?

Picha nyingi ni JPEG, mfumo wa mwaka 1992. Hukata picha katika vipande vya mraba, nukta 8 kwa 8. Na hapa ndipo penye utamu: nukta hizo 64 hugeuzwa kuwa mawimbi 64, kuanzia lile pana kabisa, ambalo ni wastani tu wa mwanga, hadi yale membamba yanayobeba kingo na michirizi. Kila wimbi hugawanywa kwa namba yake, jibu likakadiriwa hadi namba kamili. Membamba hugawanywa kwa namba kubwa, hivyo mengi huwa sifuri, na sifuri karibu hazili nafasi. Anga la juu ya bonde la Ruvuma halionyeshi dalili yoyote. Lakini jina la kanga, lenye herufi za kingo kali, hutoka na chengachenga pembeni. Ukihariri na kuhifadhi tena, hesabu hukadiriwa upya. Ukituma kwa WhatsApp, vivyo hivyo.

Mchonga mpingo anajua: kibanzi kikishatoka hakirudi. Sasa mfikirie fundi asiyegusa gogo. Anaandika tu kwenye daftari: punguza hapa, lainisha bega, refusha shingo. Mteja akija, kinyago kinachongwa mbele yake kwa kufuata daftari, na gogo, kama kwa uchawi, linabaki zima. Pua haikumpendeza? Unafutwa mstari mmoja. Anataka vinyago kumi tofauti? Daftari kumi, gogo lilelile. Ndivyo zinavyofanya Lightroom, iliyotoka 2007, na darktable, ambayo ni ya bure. Mimi nauita uhariri usiojeruhi. Wapo wanaosema “usioharibu”, nami nakataa: sura ya bibi harusi yaweza kuharibiwa vibaya sana bila faili kupata jeraha lolote.

Karl Weule, Mjerumani aliyepiga picha Masasi na Newala mwaka 1906, alikuwa na kinga ya namna hiyo katika vioo vyake vya negativu: karatasi ingechapwa nyeusi au nyeupe, kioo kilibaki vilevile.

Kupanga nako kuna mtego wake. Programu ikiweka majina na alama kwenye ghala lake pekee, siku ikifungwa unabaki na picha bubu. Picasa ya Google ilisitishwa 2016. digiKam, nayo ya bure, inaweza kuyaandika majina na alama ndani ya faili lenyewe, yakahama na picha popote iendako.

Basi jibu langu: darktable kwa kuhariri, digiKam kwa kupanga. Kwenye simu, Snapseed, mradi uhifadhi nakala. Kompyuta dhaifu itahema kidogo, na diski ya akiba ununue. Lightroom ni nzuri, ila kwa kawaida inataka ada mwezi hadi mwezi, na pesa ya Newala haiji kila mwezi. Huja na korosho.