Jana Walilala Mkeka Mmoja, Leo Wanararuana

Paka wawili waliokua pamoja tangu wakiwa wachanga, wakila sahani moja na kulambana vichwa, wanaweza kugeuka maadui kwa dakika moja tu. Kinasikika kishindo sebuleni, kisha mlio mkali. Mwenye nyumba akifika anakuta manyoya yametapakaa sakafuni, mmoja kajibanza juu ya kabati na mwenzake anamvizia chini. Hakukuwa na chakula cha kugombania, wala paka mgeni aliyeletwa.

Mara nyingi mchokozi halisi hayumo ndani. Lamu, Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mombasa ya kale zina paka wengi wa mitaani, na jioni dume mmoja hupita juu ya ukuta, akasimama na kurusha mkojo kuweka alama yake. Paka wa ndani anamwona kupitia wavu wa dirisha. Mkia unatutumka, masikio yanalala nyuma, mwili wote umeshajiandaa kwa vita, ila wavu haupitiki. Mwenzake akisogea wakati huo, hata kwa nia njema, yeye ndiye anayepokea kucha. Utafiti uliochapishwa na wataalamu wa Hispania mwaka 2008 ulionyesha kwamba hasira za namna hii, zinazomwangukia asiyehusika, huchochewa zaidi na kelele za ghafla na kukutana na paka wengine. Sufuria ikidondoka jikoni yatosha.

Ajabu ni kwamba ugomvi huendelea hata dume yule akishaondoka. Aliyepigwa anaogopa, kila akimwona mwenzake anakimbia. Naye mwenzake, akiona kitu kinakimbia, anakifukuza. Sababu ya kwanza imekwisha, lakini uadui unajilisha wenyewe.

Chanzo kingine ni harufu. Paka wa nyumba moja husuguana mashavu, na tezi zilizopo mashavuni na kidevuni huwapa harufu inayowatambulisha kuwa ni wa kundi moja. Sasa mmoja apelekwe kwa daktari wa mifugo kufungwa kizazi, arudi ananuka spiriti, dawa na paka wa watu: aliyebaki nyumbani anamwona mgeni mwenye sura ya ndugu yake. Ndiyo maana anayerudi kutoka kliniki hukaa kwanza chumba cha peke yake, hadi harufu ya nyumbani imrudie.

Maumivu nayo yamo. Jino bovu, viungo vinavyouma, njia ya mkojo iliyoziba, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi kwa paka mzee, vyote humfanya mpole awe mkali. Paka aliyebadilika ghafla bila sababu inayoonekana anastahili kupimwa kabla ya kuitwa mkorofi. Na kwa kuwa kichaa cha mbwa hakiwachagui mbwa peke yao, paka asiyechanjwa anayeshambulia ovyo ni jambo la kuripoti haraka.

Wakati wa mapigano yenyewe, kosa la kawaida ni kuingiza mikono. Jino la paka ni jembamba na refu. Linazamisha bakteria ndani, kisha ngozi inajifunga juu yake, na mkono huweza kuvimba ndani ya siku moja. Wanaojua huchomeka mto, kipande cha boksi au blanketi nene kati ya wapiganaji. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali. Kumchapa paka hakusaidii hata kidogo: anachojifunza ni kwamba mwenzake akiwepo, na fimbo ipo.

Baada ya hapo watenganishwe vyumba, kila mmoja na maji yake, chakula chake na beseni lake la mchanga. Aliyepandwa na hasira aachwe mahali palipo kimya na giza kidogo, bila kubebwa wala kubembelezwa. Wengine hutulia baada ya saa chache, wengine siku kadhaa. Hapa ndipo wenye nyumba wengi huharibu, kwa kuwakutanisha mapema ili wapatane. Paka wa kufugwa ametokana na paka mwitu wa Afrika, mnyama anayewinda peke yake, na hana ishara nyingi za kuomba radhi kama mbwa.

Harufu hutangulia macho. Khanga aliyolalia huyu hupelekwa kwa yule. Kitambaa kilichopangusiwa mashavu ya mmoja huwekwa karibu na sahani ya mwingine. Kisha wanalishwa pande mbili za mlango uliofungwa, sahani zikisogezwa siku hadi siku. Mlango unafunguliwa upenyo mdogo tu wanapokula bila kufoka, na mmoja akianza kumkazia mwenzake macho, hatua inarudi nyuma. Kazi hii huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Dirisha linalotazama ukuta anaopitia dume wa mtaani nalo lifunikwe pazia sehemu ya chini.

Madume ambao hawajahasiwa ni mzigo zaidi, na hata wakihasiwa, ukali huweza kuchukua wiki kadhaa kupungua. Wapo pia paka wasiopatana tena kamwe. Hao huishi kwa zamu, mmoja sebuleni asubuhi na mwingine jioni, au mmoja akatafutiwa nyumba nyingine, na hilo si ukatili.