Saa ya Marehemu Mjomba: Maelezo Juu ya Saa Kuukuu za Wapiga Mbizi

Ni nadra kuingia nyumba ya wazee, hapa kwetu Handeni au kule Korogwe, usikute sanduku ambalo funguo yake huvaliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Ndani yake mna hati ya shamba, kanzu ya Idi, tasbihi, na mara nyingi saa ya mkono iliyokwisha kusimama. Mzee anapofariki, hati husomwa kwa makini, lakini saa hupewa mtoto aichezee. Makala haya yanahusu saa ya namna hiyo, na jinsi ilivyokaribia kuwadhulumu mayatima bila ya mtu yeyote kukusudia dhuluma.

Miaka michache iliyopita mjomba wangu alifariki dunia hapa Handeni. Ujanani mwake alikata mkonge Korogwe, akaichoka miiba yake, akapanda gari-moshi mpaka Tanga, akawa baharia wa meli za biashara. Alirudi nyumbani mwaka 1984 akashika jembe, wala bahari hakuiona tena ila alipokwenda Pangani kuwazuru jamaa. Zilipokwisha siku za matanga niliitwa mimi, kwa kuwa ni mwalimu wa chuo, niiandike mali ya marehemu ili igawanywe kwa sheria. Alikuwa ameacha mjane, wana wawili na binti mmoja mdogo wa miaka 11. Wazazi wake walikwisha tangulia.

Sandukuni tulikuta saa ya chuma, nzito kama jiwe la mizani, uso wake mweusi, na siku za juma zimeandikwa kwa Kiarabu. Mtoto wake mkubwa akaniambia, "Kaka Mwalimu, hii usiihesabu. Pana mfanyabiashara Korogwe amekwisha iona, atatoa shilingi 40,000. Ni kuukuu, haina kazi tena." Nikamwomba asubiri wiki mbili. Sikuwa na elimu ya saa, ila nilihofia kuandika bei ya kitu nisichokijua katika karatasi yenye jina la yatima. Basi nikaanza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Yafaa kwanza tujue kwa nini saa hizi zilibuniwa. Maji na vumbi ndio maadui wa saa tangu zamani. Mwaka 1926 kampuni ya Rolex ilitengeneza saa iliyofungwa barabara isipitishe maji, ikaiita Oyster, yaani chaza. Mwezi Oktoba 1927 mwanamke wa Kiingereza, Mercedes Gleitze, aliivaa shingoni akiogelea katika mlango wa bahari ulio baina ya Uingereza na Ufaransa. Alikaa katika maji ya baridi zaidi ya saa 10, na saa yake ikatoka inakwenda sawasawa.

Lakini kuogelea juu ya maji si sawa na kuzama chini. Kila unapoteremka mita 10 uzito wa maji huongezeka kwa kadiri ya uzito wa hewa yote tuliyonayo juu ya nchi, na maji hutafuta tundu dogo kabisa yaingie. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walibuni chombo cha kumwezesha mtu kuvuta hewa ya mtungi akiwa majini. Tangu hapo mpiga mbizi aliweza kukaa chini muda mrefu, na ndipo saa ikawa ni uhai na mauti. Hewa ya mtungi ina kipimo. Tena aliyekaa sana kilindini hawezi kupanda juu kwa haraka, kwani naitrojeni iliyoingia katika damu yake hutoa mapovu, ikamlemaza au ikamwua.

Jean-Jacques Fiechter, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Blancpain ya Uswisi, aliyaonja hayo mwenyewe. Alisahau wakati akiwa chini ya bahari, hewa ikamwishia, akaponea chupuchupu. Kadhalika maofisa wawili wa jeshi la Ufaransa, Bob Maloubier na Claude Riffaud, walikuwa wakitafuta saa ya kuwafaa askari wao wa kupiga mbizi. Mwaka 1953 ikatoka saa iliyoitwa Fifty Fathoms, na maana yake ni Pima Hamsini. Pima ni kipimo kile kile wanachokijua manahodha wetu wa Tanga na Pangani, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na pima 50 ni kama mita 91. Mwaka huo huo Rolex nao wakatengeneza Submariner, na mwaka 1967 wakatoa Sea-Dweller ya kufika mita 610. Japani haikukaa nyuma: kampuni ya Seiko ilitoa saa yake ya kwanza ya wapiga mbizi mwaka 1965, ya mita 150.

Ukiishika saa ya namna hii utaitambua kwa alama zake. Ya kwanza ni pete inayozunguka juu ya kioo, yenye kuhesabu dakika 60. Mpiga mbizi anapozama huielekeza alama ya pete kwenye mshale wa dakika, kisha hutazama umekwenda mbali kiasi gani. Katika saa zilizotengenezwa baadaye pete hiyo huzunguka upande mmoja tu, na hekima yake ni kubwa: ikigongwa kwa bahati mbaya itamwambia mtu kwamba amekaa zaidi kuliko alivyokaa, naye atapanda mapema. Kosa lake ni la usalama. Alama ya pili ni kile kifungo cha kutilia majira, ambacho katika nyingi ya saa hizi hufungwa kwa kuzungushwa kama parafujo. Ya tatu ni mipira myembamba ya kuzuia maji, na ya nne ni rangi inayong'aa gizani.

Rangi hiyo yataka tahadhari. Saa za zamani, mpaka kiasi cha mwanzoni mwa miaka ya 1960, zilipakwa rangi yenye radiamu. Katika miaka ya 1920 wasichana waliofanya kazi hiyo Marekani walizilamba brashi zao ili zichongoke, na wengi wakapata maradhi ya mifupa wakafa. Nguvu ya radiamu haipungui nusu ila baada ya miaka 1,600 hivi, kwa hiyo rangi inaweza kuacha kung'aa na sumu yake ingali ipo. Asifungue mtu saa ya namna hiyo nyumbani, wala asipewe mtoto. Baadaye ikatumika tritiamu, ambayo ni nyepesi zaidi, na baadhi ya saa za Uswisi huwa na herufi T ndogo chini ya namba 6 kuonyesha hivyo. Nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 na kidogo, hata baada ya miaka 50 husalia kama sehemu 1 katika 16. Rangi hiyo ikizeeka hugeuka kuwa kama samli, na ajabu ni kwamba wakusanyaji wa saa huipenda kuliko ile nyeupe mpya.

Na wakusanyaji hao wako duniani kote. Mfano mashuhuri uko Oman, nchi ambayo jamaa zetu wengi wa pwani wana udugu nayo na ambako Kiswahili husikika majumbani. Sultan Qaboos bin Said, aliyetawala tangu 1970 mpaka alipofariki mwezi Januari 2020, alikuwa akiwatunukia waliomtumikia saa za Rolex zenye alama ya jambia usoni, na nyingine zenye saini yake. Baadhi yake zilikuwa Submariner na Sea-Dweller, na miongoni mwa waliotunukiwa walikuwamo maofisa wa Kiingereza waliopigana vita vya Dhofar. Leo saa hizo hugombewa minadani kwa makumi ya maelfu ya dola, na zile nadra zaidi ya hapo. Chuma chake ni kile kile cha saa nyingine. Kilichozidi ni jambia dogo, na habari ya mtu aliyepewa.

Basi turudi kwa mjomba. Tulichukua saa yake mimi na mwanawe, tukaenda Korogwe kwa fundi mmoja mzee. Hakuigusa kwanza, alinawa mikono, akavaa kioo chake, akaigeuza. Ilikuwa Seiko 6309, aina iliyotengenezwa baina ya 1976 na 1988. Akatuonyesha nambari mgongoni. Katika saa za Seiko za wakati ule tarakimu ya kwanza huonyesha mwaka, na ya pili mwezi. Yetu ilianza na 7 kisha 5. Ni Mei 1977 au Mei 1987. Na kwa kuwa marehemu aliacha ubaharia 1984, haikuwa na budi kuwa ya 1977. Mwanawe alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba alikuwa akisema aliinunua Dubai kwa mshahara wa safari nzima. Tulidhani anatia chumvi."

Fundi akatueleza kwamba thamani ya saa kuukuu hukaa katika uasili wake. Uso wake wa asili, mishale yake ya asili na pete yake ya asili vikiwepo, hata vikiwa vimepauka, ina bei. Ukiubadilisha uso ukatia mpya unaong'aa, umeua nusu ya bei. Ukikisugua chuma mpaka kingo zake zikawa duara, hakuna wa kukirudisha. Nilisikitika kusikia hayo, kwani zamani nilimpelekea fundi mmoja wa mjini saa ya marehemu baba yangu, nikamwambia "itie upya", naye akaitia upya kweli kweli: mpaka leo sijui uso wake wa kwanza ulikwenda wapi. Kosa lilikuwa langu la kutokuuliza.

Vile vile alituonya kwamba saa za bandia ni nyingi, na nyingine huunganishwa kwa vipande vya saa tatu au nne zikauzwa kwa jina la moja. Akasema pia kwamba saa ya miaka 40, hata iwe imeandikwa mita 150, isitiwe majini kabla mipira yake haijabadilishwa na kupimwa, kwani mpira huzeeka.

Mwisho tuliomba makadirio kwake na kwa wauzaji wawili wa Tanga, tukakubaliana na bei ya kati, shilingi 600,000. Si mali ya kitajiri, lakini tazameni hesabu. Kwa zile 40,000 mjane angepata thumuni, ambayo ni 5,000. Kila mwana 14,000. Na yule binti 7,000. Kwa 600,000 mjane alipata 75,000, kila mwana 210,000, na binti 105,000. Tofauti baina ya 7,000 na 105,000 kwa mtoto wa miaka 11 ni sare ya shule, viatu na madaftari ya mwaka. Mtoto mkubwa hakutaka saa ya baba yake iende kwa mgeni. Akaichukua yeye kwa fungu lake la 210,000, akawalipa wenzake 390,000 iliyobaki kwa miezi saba, kwa maandishi na mashahidi. Leo anaivaa. Hakuisugua.

Yule mfanyabiashara wa 40,000 sitamhukumu, kwani huenda naye hakujua. Lakini ajuaye thamani ya kitu, akamnunulia mjane asiyejua kwa bei ya kutupa, na aitazame nafsi yake mwenyewe.

Nanyi vijana, nimewasikia mkiulizana kama kukusanya saa ni jambo jema au ni ubadhirifu. Jawabu ni kwamba hutegemea mtu na hali yake. Aliyetimiza haki za watu wa nyumbani mwake, akapenda ustadi wa mafundi wa zamani na kuutunza usipotee, hana lawama. Anayekopa ili aonyeshe mkono wake barazani amejipatia deni, wala hakujipatia saa. Anayenunua ili auze, hiyo ni biashara, na mali ya biashara ina zaka yake ya robo ya ushuri ikitimia kiwango na mwaka. Ya dhahabu si vazi la mwanamume. Na hizi za wapiga mbizi nyingi ni za chuma, basi Alhamdulillahi. Na ukitawadha, ilegeze upate kufikisha maji chini ya mkanda.

Basi fungueni masanduku yenu pamoja na wazee wenu wangali hai. Waulizeni: saa hii uliinunua wapi, mwaka gani, kwa jasho la kazi ipi? Yaandikeni majibu katika karatasi, muiweke pamoja na saa. Sisi tulimwuliza marehemu mjomba akiwa hawezi tena kujibu, tukajibiwa na tarakimu mbili za mgongoni.

Wabillahi tawfiq.