Utangulizi: Sheria na Maadili ya Zana za Kutabiri Ugonjwa

Mwanafunzi wa sheria anapoingia katika taaluma hii hutarajia kukutana kwanza na siri za mgonjwa. Mwanafunzi wa udaktari hutarajia hesabu. Mimi ningependa tuanze na swali lisiloulizwa mara nyingi: zana hii imefundishwa kutabiri nini hasa?

Mwaka 2019, Ziad Obermeyer na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa programu iliyotumika sana Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu hiyo haikutumia rangi ya mtu. Ilikadiria gharama za matibabu yake ya baadaye, kwa dhana kwamba anayegharimu zaidi ndiye anayeumwa zaidi. Lakini Wamarekani weusi, kwa kuwa huduma hazikuwafikia sawasawa, walikuwa wamegharamiwa matibabu kwa fedha kidogo kuliko weupe wenye maradhi kama yao. Mweusi na mweupe walipopewa na programu alama sawa, mweusi ndiye aliyekuwa na hali mbaya zaidi. Kasoro hiyo ikiondolewa, watafiti walikadiria, sehemu ya weusi miongoni mwa wanaochaguliwa ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

Hakuna siri iliyovuja hapo, na gharama zenyewe zilikadiriwa vizuri. Dhuluma iliingia pale gharama ilipofanywa kipimo cha ugonjwa, na walioamua hivyo ni binadamu.

Sheria zetu zinamkinga mgonjwa kwa kiasi gani? Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliotolewa na mashine pekee, ingawa kina masharti yake. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina kinga inayofanana nayo. Ni hatua kubwa. Ila kituo cha afya hakifanyi kazi hivyo: mashine hutoa alama, muuguzi mwenye foleni hadi mlangoni huitazama, hutia saini, mgonjwa hurudi nyumbani. Kwenye faili, uamuzi ni wa muuguzi. Mgonjwa akifariki, nani ajibu shtaka la uzembe: yeye, hospitali iliyonunua zana, au kampuni iliyoiunda? Kumtwisha muuguzi mzigo wote, naye hakuonyeshwa alama ilivyopatikana, naona ni uonevu.

Ridhaa nayo ina utata wake: mama aliyetoa taarifa zake kliniki ili atibiwe hakukubali kwa hilo tu zikafundishie programu ya kuuzwa.

Kwa hiyo, kabla ya vitabu vya nadharia, tafuta mkataba mmoja wa ununuzi wa zana kama hizi. Usome taratibu. Tazama kama mtengenezaji anaeleza zana inatabiri nini, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa wapi, na nani atalipa fidia ikikosea.