Krismasi Katika Chumba cha Mahabusi

Sikukuu ya kuzaliwa kwa Kristo huwakuta watu wengi katika hali isiyopatana na nderemo zake: mjane aliyemzika mumewe juzijuzi, mzazi ambaye mwanawe yu taabani hospitalini, kijana aliyetengwa na ahali zake kwa vita au kifungo. Watu hao, wasikiapo kengele na nyimbo, aghalabu hujiona kama wageni wasioalikwa, na wale wanaowaliwaza, kwa nia njema kabisa, huwahimiza wajikaze, wafute machozi, wachangamke kama wenziwao. Mimi nasadiki kwamba shauri hilo, ingawa latoka katika huruma, si faraja ya Kikristo. Na shahidi wangu ni mchungaji mmoja wa Kilutheri wa Ujerumani, aliyezipokea Krismasi mbili za mwisho za maisha yake nyuma ya mlango wenye komeo.

Dietrich Bonhoeffer alizaliwa mwaka 1906 katika nyumba ya elimu na heshima, baba yake akiwa tabibu mashuhuri wa maradhi ya akili. Kwa kuwa aliupinga utawala wa Hitler tangu mwanzo wake, na baadaye akashirikiana na watu waliokula njama ya kuuangusha, alikamatwa tarehe 5 Aprili 1943 akatiwa katika gereza la kijeshi la Tegel, mjini Berlin, miezi michache tu baada ya kukubaliana uchumba na binti aitwaye Maria von Wedemeyer, ambaye vita vilikuwa vimemwondolea baba na kaka mwaka uliotangulia. Mwishoni mwa mwaka 1943 ndege za Waingereza zilipoishambulia Berlin usiku, mahabusi walibaki wamefungiwa vyumbani mwao, wakipiga mayowe gizani pasipo mtu wa kuwafungulia.

Katika siku hizo hizo, Jumapili ya kwanza ya Majilio, Bonhoeffer aliandika barua akaikumbuka picha ya Albrecht Altdorfer, mchoraji wa Ujerumani aliyeishi zaidi ya miaka 400 kabla yake. Altdorfer aliichora familia takatifu usiku, ndani ya nyumba iliyobomoka, matofali wazi na paa limevunjika, na mtoto katikati ya magofu hayo. Bonhoeffer, ambaye mji wake wenyewe ulikuwa ukigeuka magofu, alistaajabu jinsi mchoraji alivyothubutu kuiacha desturi ya wakati wake, akaona huenda alitaka kusema kwamba hata hivyo Krismasi yaweza kuadhimishwa, tena yapasa.

Wazazi wake aliwaandikia tarehe 17 Desemba, akijua kwamba huzuni yao juu yake ingewatilia uchungu sikukuu. Hakuwaambia kwamba mambo si mabaya. Aliwaeleza kuwa kwa Mkristo Krismasi ya gerezani haina tatizo la pekee, na kwamba pengine wengi humo wataiadhimisha kwa ukweli zaidi kuliko watu ambao kwao limesalia jina tupu; kwa maana taabu, ufukara, upweke na hata hatia, mbele za Mungu vina sura nyingine kabisa na ile vilivyo nayo machoni pa wanadamu, na Mungu huelekea pale pale ambapo watu hugeuza nyuso zao. Kwamba Kristo alilazwa horini kwa kukosa nafasi katika nyumba ya wageni, jambo hilo mfungwa hulifahamu upesi kuliko mtu mwingine. Wala hakukomea kwa maneno ya nafsi yake: aliwatungia wafungwa wenziwe sala za Krismasi ile, nazo makasisi wa gereza wakazisambaza.

Asidhani msomaji kwamba alikuwa mtu wa kununa. Maria alipata kumletea mti wa Krismasi kutoka kwao, mkubwa mno, hata Bonhoeffer akasema labda akitoa kitanda chake nje na kukaa wima sikukuu nzima utaenea. Walinzi nao walicheka, na mwisho mti ukawekwa katika chumba chao, naye akakaribishwa kuutazama.

Lakini barua inayonigusa kupita zote ni ile ya mkesha wa Krismasi 1943, aliyomwandikia rafiki yake Eberhard Bethge na mkewe Renate, waliooana mwaka ule na ambao vita vilikuwa karibu kuwatenganisha. Huko asema kwamba hakuna kitu kiwezacho kushika mahali pa mpendwa asiyekuwepo, wala tusijaribu kukitafuta. Na wale wanaodai kwamba Mungu huliziba pengo hilo wamekosea, kwani Mungu huliacha wazi, na kwa kuliacha wazi hutusaidia kuuhifadhi ushirika wetu wa zamani, ijapokuwa kwa maumivu. Nimewaona wafiwa wakiona haya kulia siku ya Krismasi kana kwamba machozi yao ni upungufu wa imani. Laiti wangalisomewa barua hii! Wangalijua kwamba kiti kitupu mezani si dalili ya kuachwa na Mungu, na kwamba jina la marehemu laweza kutajwa kati ya pilau na wimbo bila ya kuiharibu siku.

Krismasi ya mwaka 1944 ilimkuta pabaya zaidi, katika mahabusi ya chini ya ardhi ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Tarehe 19 Desemba alimwandikia Maria, akatia ndani ya barua beti chache ziwe salamu zake kwake na kwa wazazi. Beti hizo leo huimbwa sana makanisani Ujerumani mwaka unapogeuka. Mwezi wa Februari uliofuata Maria alisafiri hadi kambi ya wafungwa ya Flossenbürg na nguo za baridi, akaambiwa Bonhoeffer hayuko. Aliletwa huko baadaye, akanyongwa tarehe 9 Aprili 1945, mwezi mmoja kabla Ujerumani haijasalimu amri.

Watakuwapo wa kuuliza faraja ya namna hiyo ilimfaa nini mtu aliyenyongwa. Bonhoeffer alitamani sana kufunguliwa, aliliomba jambo hilo, wala hakulificha. Ila hakuifanya sikukuu ingojee kufunguliwa kwake. Maria, aliyehamia Marekani na kufariki mwaka 1977, alizihifadhi barua za Bonhoeffer, zikachapwa kitabu mwaka 1992, na mwenye kuzisoma atakuta humo, kando ya mazungumzo ya imani, mashauri ya arusi na ya samani za nyumba watakayokaa.