Neno "Hongo" na Njia ya Tabora

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Leo fani zake ni nyingi hata mtu aweza kufundisha humo miaka ishirini asijue mwenzake wa jengo la pili anachunguza nini. Wingi huo husifiwa sana katika hotuba. Lakini faida yake huonekana vizuri zaidi mtu achukuapo jambo moja dogo na kulipitisha mlango baada ya mlango. Katika makala haya nimechukua neno moja, hongo, lililovuma katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hata Tabora, na kutoka hapo kwenda Ujiji.

Kwa mwanaisimu neno hili halina matata. Kitenzi ni honga, na jina limeundwa kwa kiishio -o, kama vile tenda huzaa tendo na pata huzaa pato. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa malipo yaliyotolewa na msafara kwa mtemi ili upate kupita katika nchi yake. Leo ni rushwa. Basi husemwa kwamba maana ya neno imeshuka, na mlango hufungwa. Mimi mwenyewe nilipoandika tasnifu yangu ng'ambo nililimaliza neno hili kwa mstari mmoja, na watahini hawakuniuliza kitu. Laiti wangaliuliza: limeshuka machoni pa nani?

Swali hilo ni la mwanahistoria. Yeye hutazama kwanza ni nani aliyeshika kalamu. Burton, aliyefika Tabora pamoja na Speke mwezi wa Novemba 1857, alilalamikia malipo ya Ugogo. Stanley naye akalalamika mwaka 1871. Hata Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye maisha yake yaliyoandikwa kwa Kiswahili yalitolewa upya na W. H. Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa jina la Kamati iliyokizaa chuo chetu hiki cha uchunguzi, alikuwa mtu wa msafara. Wote hao walikuwa walipaji. Na mlipaji wa ushuru, popote alipo duniani, hana maneno mazuri juu ya mtoza ushuru.

Unyanyembe yenyewe yatoa mfano ulio wazi. Mtemi Fundikira alikuwa amepatana na wafanyabiashara Waarabu wakae bila ya kutozwa. Mrithi wake, Mnywasele, alipotaka bidhaa zao zilipiwe, walimpiga vita, wakamwondoa karibu na mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mnywasele alitangatanga porini akiendelea kupigana hata alipouawa mwaka 1865. Mtu hapotezi enzi na roho kwa ajili ya bakshishi. Jambo lililogombaniwa lilikuwa ni nani mwenye haki ya kutoza katika nchi ile, na Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871 aliliuliza swali lile lile kwa nguvu zaidi.

Lakini kwa nini msafara ulipe, usipite tu? Hapa mwanahistoria naye hana budi kubisha hodi kwa wengine. Mtaalamu wa wanyama atamwambia habari za mbung'o: ugonjwa wa nagana huua farasi, ngamia na ng'ombe, na kwa hiyo katika mapori ya njia hii mizigo ilichukuliwa na watu. Pagazi mmoja alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Watu mia tano wenye mizigo namna hiyo hawawezi kujibebea chakula cha miezi mitatu, sembuse maji. Naye mwanajiografia ataongeza kwamba Ugogo ni nchi kavu, na baada yake, kabla ya kufika Unyamwezi, liko pori lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo maji yake ni haba. Kila kisima cha Ugogo kilichimbwa na mikono ya watu, na maji aliyokunywa mgeni wakati wa kiangazi ndiyo yaliyokuwa ya ng'ombe wa mwenyeji. Ukilijua hilo, vitambaa vya merikani na kaniki alivyopelekewa mtemi havionekani tena kuwa unyang'anyi mtupu. Sisemi kwamba watemi wote walitoza kwa kiasi. Wako waliotoza mara mbili, na mazungumzo yaliweza kuuchelewesha msafara siku kadhaa.

Mwanasheria ndiye aliyenistaajabisha zaidi. Alisema rushwa hutolewa kwa siri, kwa mtu binafsi, ili aivunje kazi aliyokabidhiwa. Hongo ya njiani ilitolewa mchana, mbele ya watu, kwa mwenye mamlaka, na anayelipa akapata njia. Kwake hayo ni mambo mawili yasiyo na undugu, ijapokuwa jina ni moja. Aliniuliza ni lini mwenye nchi aligeuka kuwa mla rushwa. Nikamjibu kwamba mwenye nchi alikuwa amekwisha kunyang'anywa nchi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 hapakuwa tena na mtemi wa kulipwa njiani. Ushuru uliofuata ulikuwa wa serikali, nao uliitwa ushuru. Neno la kale likabaki halina mwenyewe wa kulitetea.

Yapo mengine ambayo nayagusa tu. Mwembe si mti wa asili wa miombo. Kwa hiyo mtaalamu wa mimea akiiona safu ya miembe mikongwe, kama ile ya Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872, hujua kwamba watu walituliapo. Mwanaakiolojia huanza kuchimba hapo.

Kadi ya hongo niliyokuwa nayo katika sanduku langu ilisema "rushwa, zamani, ushuru wa njia". Nimeiandika upya, ushuru ukatangulia: "malipo kwa mwenye nchi kwa ajili ya njia, maji na amani, baadaye, rushwa". Nimeacha nafasi chini yake kwa maneno ya Kigogo na Kinyamwezi yaliyotumiwa na waliopokea.