Wimbo mmoja, mali mbili

Mwaka 1983 kundi la Boney M, lililokuwa na mashabiki Ulaya nzima, lilitoa wimbo wenye salamu ya Kiswahili. Salamu hiyo ilitoka Mombasa. Mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi iliyokuwa ikiwatumbuiza watalii kwenye hoteli za pwani yetu, na "Jambo Bwana" yao ilikuwa imetoka mwaka mmoja tu nyuma. Boney M hao hao, mwaka 1981, walikuwa wamekwisha kurekodi "Malaika". Huo nao ni wa kwetu, ila ukiuliza wa nani hasa, jitayarishe kukaa barazani hadi usiku. Fadhili William wa Taita aliurekodi na Jambo Boys na ndiye watu wengi humtaja. Adam Salim wa Tanzania alidai ni wake. Grant Charo naye hutajwa. Miriam Makeba akauchukua akauimba duniani kote, na ubishi haujaisha hadi leo.

Naanza na ubishi huo kwa sababu wasanii wa Likoni, Kisauni na Changamwe huniuliza swali moja: nifanyeje nijulikane? Sidhani kuna wimbo wa Afrika Mashariki unaojulikana kuushinda "Malaika". Umaarufu wote huo haukutosha kuthibitisha mwenyewe ni nani.

Kila wimbo uliorekodiwa ni mali mbili. Ya kwanza ni utunzi: maneno na melodi yake, hata ukiimbwa bila ala. Ya pili ni rekodi, ile sauti iliyofungwa studio siku fulani. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ulinzi huanza pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa, bila kungoja usajili. Hata hivyo, Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ina daftari la kusajili kazi, na cheti chake ni ushahidi mzuri siku mkikorofishana.

Rekodi ndiyo inayowaponza vijana. Sheria humhesabu mwenye rekodi kuwa yule aliyefanya mipango ya kuitengeneza. Sasa prodyuza wa Mshomoroni au Magongo akikwambia, "Ingia urekodi bure, hesabu tutajua mbele," amepanga yeye na amegharimia yeye. Wimbo ukivuma, ana hoja nzito kwamba rekodi ni yake, na wewe umebaki na utunzi. Simlaumu, ametoa umeme wake na usiku wake. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kuhamisha hakimiliki hakuna nguvu mpaka kuwe na maandishi yaliyotiwa saini. Ahadi ya mdomo, hata iliyotolewa mbele ya mashahidi kumi, haihamishi kitu.

Dawa ni karatasi ya mgao, na iandikwe kabla hamjatoka studio. Jina la wimbo, majina ya wote kama yalivyo kwenye vitambulisho pamoja na ya kisanii, nani alitunga nini, asilimia ngapi za utunzi, asilimia ngapi za rekodi, saini, tarehe. Ukurasa mmoja watosha. Kama biti umeinunua mtandaoni, soma masharti yake kwanza: nyingi hukodishwa kwa watu mamia, na mfumo wa YouTube unaweza kumwona mwingine kuwa ndiye mwenye sauti na kumpa yeye mapato ya wimbo wako.

Majina ya kwenye karatasi ndiyo pesa huyafuata. Nyimbo za miito ya simu, kwa marekebisho ya sheria ya 2022, zinampa msanii au mwenye hakimiliki sehemu isiyopungua asilimia 52. Mirabaha ya redio, hoteli na matatu kwa miaka mingi imepitia MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wenye rekodi na PRISK kwa waimbaji na wapigaji. Leseni za vyama hivi zimezua kesi kila mara, kwa hivyo uliza KECOBO nani ameidhinishwa mwaka huu kabla hujajaza fomu. YouTube haigawani nawe pesa za matangazo ya chaneli yako mpaka ufikishe wafuasi 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka au watazamaji wengi mno wa video fupi.

Hapo ndipo kujitangaza kunapata maana: unawapeleka watu mahali ambapo jina lako limeandikwa. Na watu wa kuanza nao wako karibu. Wakongwe wa taarabu walilijua hilo. Mbwana Radio Service, duka la Mji wa Kale, lilirekodi na kuuza kanda za kina Juma Bhalo, Zuhura Swaleh na Maulidi Juma. Wimbo ukasikika harusini, ukanunuliwa dukani, ukasafiri hadi Lamu, Zanzibar na Uarabuni ndani ya mikoba ya watu. Harusi bado zipo. Ziko pia matatu za Likoni kwenda Ukunda na madijei wanaozitengenezea miksi, tuktuk za Bamburi, Pwani FM, Baraka FM, na Radio Kaya kwa wasikilizaji wa Kidigo na Kiduruma. Mpe dijei wimbo safi wenye jina sahihi la faili. Nimesikia ngoma nzuri ikipigwa kwa jina la "final mix 3", na abiria hana pa kuitafutia.

Kiki, yaani vituko vya kutafuta umaarufu, zina wakati wake, ila hudumu wiki. Mwanaisha Abdalla alikuwa mfanyakazi wa ndani kabla hajawa Nyota Ndogo, na wimbo wake "Watu na Viatu" haukuhitaji ugomvi wa kubuni ili upenye. Mwenye kuimba kwa lafudhi ya Dar es Salaam ilhali kalelewa Mtongwe hunishangaza: Wabongo wako tele, na wanajiiga wenyewe vizuri zaidi.

Lililo gumu, najua, ni kumtolea rafiki karatasi. Kwetu kumwomba mwenzio saini ni kama kumwambia humwamini, hasa akiwa ni kaka wa mtaani aliyekufundisha kushika maiki. Basi anza na asilimia yake. Mwandikie yeye kwanza, mpe asome, umwambie kwamba wimbo ukiingia kwenye miito ya simu na yeye yuko safarini Doha, karatasi hii ndiyo itakayomdaia chake.