Huko Hakuna Konda

Nilishuka Bayrischzell nikiwa na taulo la kuogea begani. Ni mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani, chini ya mlima Wendelstein, na reli inaishia hapo. Kuna malisho, kuna ng'ombe wenye kengele shingoni, kuna kanisa lenye mnara uliochongoka. Ziwa hakuna. Nami asubuhi ile nilikuwa nimetoka München kwenda kuogelea Tegernsee, mji uliojengwa kando ya ziwa la jina hilohilo. Tiketi yangu ilikuwa sahihi. Jukwaa lilikuwa sahihi, na treni niliyopanda ndiyo iliyotakiwa.

Kosa langu lilikuwa kiti. Treni ile hutoka München ikiwa moja, lakini ndani yake mna safari tatu. Ni vipande vitatu vilivyounganishwa, na hakuna mlango wa kukutoa kipande kimoja kukuingiza kingine. Ikifika Holzkirchen, kipande kimoja kinafunguliwa na kushika njia ya Bayrischzell. Viwili vilivyobaki vinakwenda pamoja hadi Schaftlach, halafu navyo vinaachana: kimoja Lenggries, kimoja Tegernsee. Kuachana kwenyewe ni jambo dogo. Treni inasimama, unasikia mtikisiko hafifu miguuni, kama mtu aliyegonga meza kwa goti, kisha safari inaendelea. Mwenye kulala hashtuki. Maelezo yote yapo kwenye kibao chembamba kando ya mlango, na kwenye tangazo linalosomwa kwa Kijerumani. Mimi nilipanda kipande cha mkiani kwa kuwa kilikuwa na nafasi ya kuweka begi.

Tangu siku hiyo, na baada ya miaka mingi ya kuwapangia vijana safari za begi mgongoni, nimeshika jambo moja ambalo huwaambia kabla hatujazungumzia hata bei ya ndege: sisi tumelelewa na konda.

Fikiria stendi yoyote ya kwetu. Kabla hujauliza, mpiga debe amekwishakuuliza unakwenda wapi. Ukipanda, konda anakuuliza tena anapodai nauli. Ukisinzia, kuna mama wa kiti cha nyuma atakayekugusa bega: "Kaka, si ulisema unashuka Mwenge? Ndiyo hapa." Kosa lako linapita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla halijakuumiza, na mara nyingi hujui hata kwamba ulikuwa karibu kukosea. Ulaya kazi hiyo yote amepewa msafiri mwenyewe. Vibao vipo, ratiba zipo, mashine zipo, na kila kitu kimeandikwa mahali fulani. Ila hakuna anayekuja kukuuliza. Msafiri wa peke yake ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu hana hata mwenzake wa kumwambia, "Mbona watu wote wanashuka?"

Tuanze na tiketi, maana humo ndimo pesa zinamopotea. Katika miji mingi ya Ujerumani na Austria unashuka ngazi za treni ya chini ya ardhi na kuingia moja kwa moja hadi ndani ya behewa. Hakuna geti wala mlinzi. Mgeni anadhani atalipa humo ndani. Humo ndani hakuna wa kumlipa. Anayekuja, siku akija, ni mkaguzi aliyevaa nguo za kawaida kama abiria wengine, na kwa Ujerumani asiye na tiketi halali hutozwa euro 60. Neno "halali" ndilo lenye shughuli. Berlin na München kuna tiketi za karatasi ambazo hata baada ya kuzinunua bado hazijaanza kufanya kazi mpaka uzichomeke kwenye kijimashine kilichopo jukwaani au mlangoni. Umelipa, tiketi iko mfukoni, na bado unahesabiwa umesafiri bure.

Italia ni vilevile kwa tiketi za karatasi za treni za mikoani. Sababu yake inaeleweka ukielezwa. Tiketi ya treni ya mwendo kasi imeandikwa saa na nambari ya kiti, kwa hiyo haiwezi kutumika mara mbili. Ile ya mkoani haina kiti, na mtu asiyekutana na mkaguzi angeweza kuitumia zaidi ya mara moja. Muhuri ndio unaoifunga kwenye saa maalumu. Mashine zenyewe zimefungwa ukutani au kwenye nguzo karibu na majukwaa. Unasukuma ncha ya karatasi kwenye tundu, unaisogeza pembeni kidogo, na kama imeshika utasikia mkwaruzo mfupi. Itoe uitazame. Kama huoni mstari wa wino wenye tarehe na saa, hujapiga muhuri, hata kama umesikia sauti. Kama mashine haina wino, andika tarehe, saa na jina la stesheni kwa kalamu kwenye tiketi, kisha umtafute mkaguzi wewe mwenyewe kabla hajakufikia. Ndiyo maana kwenye orodha ya vitu vya kubeba huwa naandika kalamu juu kabisa, kabla ya chaja.

Kuna pia pasi ya treni, ile inayokuruhusu kuzunguka nchi nyingi kwa malipo ya mara moja. Wengi wanaijua kwa jina la Interrail, iliyoanza mwaka 1972. Hiyo ni ya wakazi wa Ulaya. Anayetoka Tanzania au Kenya hununua Eurail, ambayo ni kongwe zaidi, ya mwaka 1959. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja anaishi Berlin na mwingine Tanga, wakitaka kuzunguka pamoja wanunue pasi mbili za majina mawili. Na wote wawili wajue kwamba pasi peke yake haitoshi kwa treni za mwendo kasi za Ufaransa, Italia na Hispania. Humo kiti kinalipiwa zaidi, na inabidi ukikate mapema.

Majina ya miji nayo yana mikasa yake. Ipo Frankfurt inayojulikana, kando ya mto Main, na ipo Frankfurt nyingine kando ya mto Oder, mpakani na Poland, upande wa pili kabisa wa nchi. Kuna uwanja wa ndege unaobeba jina la Frankfurt ilhali uko Hahn, umbali wa kilomita kama 120. Venezia ina stesheni ya Mestre, iliyo nchi kavu, na ya Santa Lucia, ambako ukitoka mlangoni tu unakutana na mfereji na mashua. Anayeshuka Mestre anatazama magari na maghorofa ya kawaida, anajiuliza picha zote zile zilipigwa wapi.

Ila nchi inayonisumbua kwa simu kuliko zote ni Ubelgiji. Kaskazini wanazungumza Kiholanzi, kusini Kifaransa, na kila upande unaandika vibao kwa lugha yake peke yake, hata kwa miji isiyokuwa yake. Mons upande wa kaskazini unaandikwa Bergen. Liège ni Luik. Tournai ni Doornik. Hata Lille, mji wa Ufaransa, una jina lake la Kiholanzi. Siku moja kijana niliyempangia safari alinipigia akiwa Kortrijk, sauti yake imechoka.

"Shikamoo dada. Treni ya Lille haijaja mpaka sasa hivi."

"Marahaba. Hapo jukwaani haijapita treni yoyote?"

"Imepita moja, lakini si yetu. Imeandikwa Rijsel."

"Mdogo wangu, Rijsel ndiyo Lille."

Alinyamaza muda mrefu. Alikuwa ameitazama ikisimama, ikifungua milango mbele yake, ikafunga, ikaondoka. Walikuwepo watu jukwaani pale, tena wema, na yeyote kati yao angemwambia kama angemuuliza. Hakuuliza kwa kuwa alikuwa na uhakika. Kwetu angepigiwa kelele za "Lille, Lille, Lille, mmoja tu!" mpaka akereke, na angefika.

Halafu kuna saa. Hapa sisi Waswahili tuna mzigo ambao watu wengi hawana, na naomba msomaji anisikilize kwa makini. Ratiba za Ulaya zinahesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane. Ukiona 14:30 unatoa sita, unapata saa nane na nusu mchana. Ukiona 20:15 unatoa sita, unapata 14, unatoa tena 12, unapata saa mbili na robo usiku. Hesabu hiyo mtu anaiweza akiwa ametulia. Akiwa anakimbia na begi la kilo 15 haiwezi. Ushauri wangu ni kwamba simu iwekwe kwenye saa 24 tangu nyumbani, na msafiri azoee kuisoma wiki mbili kabla, bila kuigeuza kichwani.

Ukiingia kwenye mazungumzo unaongezeka mtego mwingine. Mjerumani akikwambia "halb drei", maneno yenyewe ni nusu na tatu. Aliyezoea Kiingereza cha Waingereza anasikia tatu na nusu. Mjerumani amemaanisha mbili na nusu, yaani nusu ya kuelekea tatu. Kwa Kiswahili ni saa nane na nusu. Maneno mawili, na njia tatu za kuyasikia. Mwambie akuandikie kwenye karatasi. Kalamu unayo.

Na lipo kosa la tarehe, ambalo ndilo hugharimu kitanda cha treni ya usiku. Tiketi imeandikwa tarehe 14, saa 00:20. Kwa hesabu yao, siku mpya imeanza dakika 20 zilizopita. Lakini ukimuuliza mtu wa kwetu treni inaondoka lini, atasema usiku wa tarehe 14, na jioni ya tarehe 14 ataoga, atakula, atakwenda stesheni na kukuta treni yake imeondoka tangu usiku uliopita. La kufurahisha ni kwamba lugha yetu ina neno la kumwokoa. Tiketi hiyo ni ya usiku wa kuamkia tarehe 14. Wazee wa pwani wangeielewa bila kuuliza, maana kwao siku huanza jua likizama, na usiku wa Ijumaa ni huu unaotangulia Ijumaa yenyewe. Siku hizi kila tiketi ya baada ya saa sita usiku ninamwandikia msafiri kwa mkono wangu, juu ya karatasi: kuamkia.

Viza nitaisemea kidogo, lakini kwa uzito. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya akipewa viza ya Schengen ya kuingia mara moja, aelewe kwamba kutoka nje ya eneo la Schengen kunahesabiwa hata kama ni kwa chakula cha mchana. Mipaka ya ndani ya eneo hilo mara nyingi unaivuka bila kuonyesha chochote, kisha unakutana na mpaka mmoja wa kweli bila kutarajia. Uingereza haimo. Serbia haimo, wala Bosnia. Kroatia iliingia tarehe 1 Januari 2023, na pwani yake imekatwa na kipande cha Bosnia cha kilomita zipatazo 20, penye mji wa Neum. Kwa miaka mingi, kusafiri kwa barabara ya pwani kutoka Split hadi Dubrovnik kulimaanisha kutoka nchi moja na kuirudia baada ya muda mfupi. Daraja la Pelješac, lililofunguliwa Julai 2022, sasa linapita juu ya bahari na kuikwepa Neum. Lakini barabara ya zamani bado ipo. Kabla hujalipa nauli, uliza basi linapita wapi.

Nimalize na treni ya usiku. Jumapili ya mwisho ya Oktoba, nchi nyingi za Ulaya hurudisha saa nyuma. Kwa saa za Ujerumani, ikifika saa tisa usiku, inakuwa saa nane tena. Treni iliyo njiani ingefika kila stesheni saa nzima kabla ya ratiba, kwa hiyo nchini Ujerumani treni za usiku husimamishwa mahali na kusubiri. Msichana mmoja niliyemsafirisha aliamka katikati ya kusubiri huko. Kimya, hakuna anayetembea, taa za jukwaa zinawaka, na saa ya mkononi mwake haipatani na ya simu. Akajua treni imeharibika. Akavaa viatu, akabeba begi, akateremka.

Pale jukwaani alikuwepo mfanyakazi wa reli akivuta sigara. Safari hii msafiri wangu aliuliza. Yule bwana hakujua Kiingereza cha kutosha kueleza. Akamshika mkono polepole, akamgeuza kuelekea saa kubwa ya stesheni, akainua kidole kimoja, kisha akamwonyesha behewa lake na kuweka viganja viwili chini ya shavu, kama mtu anayemlaza mtoto. Alirudi kitandani. Walipoondoka, anasema, alikuwa bado hajalala, na huo mtikisiko wa kwanza aliusikia.